Kilima Nilichosema Hakina Mwenyewe

Mimi ni mtu wa nyumbani. Nasema mapema ili msomaji asije akanitarajia niende mbali. Wa rika langu walishafika Mwanza, Kampala, na mmoja yuko Ulaya na huleta picha za theluji. Mimi nikifika sokoni Bukoba mjini, hata sijanunua chumvi, naanza kuulizia usafiri wa kurudi Nyanga. Nina cheti cha kidato cha nne, nina kibanja cha migomba na mibuni alichoniachia baba, na nina kiti cha mbao barazani. Mke wangu husema siku nikifa hakuna haja ya kusumbuka na jeneza, watanizika na kiti.

Kutoka kwenye kiti hicho naona kilima. Nakiangalia hata sasa ninapoandika, na hasira inanipanda ileile. Ningependa kusema nina hasira na watu wa mradi peke yao. Ingekuwa rahisi. Lakini nilikuwepo.

Kwa asiyetoka kwetu, nieleze. Ardhi yetu sisi ni ya namna mbili. Kuna kibanja, penye nyumba, migomba, mibuni na makaburi ya wazee. Kibanja kina mwenyewe, mwenyewe ni mwanamume, na mpakani panapandwa omulamula, mti mwembamba wa majani marefu. Ukiung'oa umetangaza vita na ukoo mzima. Halafu kuna rweya, uwanda wa nyasi unaobaki wazi kati ya vibanja vya huku na vya kule. Kwenye rweya hapapandwi omulamula. Hapawekwi jiwe, hapachomekwi hata kijiti. Mtu akijaribu kuweka alama ya mpaka pale, watu humtazama kama mtu aliyejisaidia njiani.

Usidhani basi kwamba rweya ni pori. Wanawake hukata nyasi pale na kuja kuzitandaza shambani, maana mgomba usiotandazwa nyasi hauna maisha. Wanakata nyasi laini za kutandika sebuleni Krismasi ikifika au mgeni mkubwa akija. Na kila mwanamke ana musiri wake, yaani kipande anachokipindua majani, anakusanya, anachoma, kisha anapanda njugu mawe. Analima msimu mmoja au miwili, anakiacha kipumzike, anasogea kidogo, baadaye anarudi. Hakuna alama. Wao wenyewe wanajua, tena mpaka nani alimwachia nani. Sisi wanaume tunajua kula njugu.

Mke wangu alitoka Izigo, huko Muleba. Harusi ilipotimiza wiki, mama yangu alimpa jembe, akampeleka kilimani, akamwonyesha mahali karibu na kichuguu, akamwambia hapa nimelima mimi, na aliyenipa ni mama mkwe wangu, sasa ni pako. Mama alikuwa si mtu wa kutoa kitu, hata tabasamu alikuwa anaazima. Mke wangu anakumbuka siku hiyo kuliko siku ya kanisani. Na ana sababu. Katika kibanja changu amepalilia mpaka mgongo ukabadilika umbo, lakini hakuna mgomba hata mmoja anaoweza kuunyooshea kidole akasema huu ni wangu. Nikifa leo, ndugu zangu watakaa kikao. Aliwahi kuniambia, anacheka huku anapepeta maharage, "Humu mimi ni mgeni mwenye ufunguo." Nilicheka naye. Mimi ni mwepesi wa kucheka nikiwa nimekaa.

Kwa hiyo kilimani pale, karibu na kichuguu, ndipo palipokuwa na ardhi yake peke yake upande huu wa Kagera. Naomba msomaji alishike hilo.

Mji ukaanza kutufuata. Zamani Nyanga ilikuwa migomba na sauti za kuku. Siku hizi ukiamka unakuta jirani mpya ana geti la chuma na mbwa asiyejua Kihaya. Wakubwa wa mji wakasema mji ukikua hivi bila nafasi za kijani watu watakosa pa kupumua. Wakaja wataalamu wa mradi wa bustani za mapumziko. Wazo lenyewe sina ugomvi nalo. Nani anakataa kivuli? Mimi maisha yangu yote ni kivuli.

Barua ya mwaliko ikafika, imeandikwa "Kwa wakuu wa kaya". Mke wangu aliipokea yeye, akaifuta vumbi, akanikabidhi kama posta. "Mheshimiwa mkuu wa kaya, unaitwa," akasema. Nikamuuliza kama hataki kwenda yeye. Akasema barua imeshachagua.

Mkutano ulikuwa kwenye darasa la shule ya msingi, saa tatu asubuhi. Tulikaa kwenye madawati ya watoto, magoti yakiwa usawa wa masikio. Wanaume watupu. Wanawake wawili walikuwemo, mmoja anagawa chai na mwingine anaandika muhtasari, na huyo wa muhtasari alikuwa amehamia kwetu miezi michache tu kabla. Ulikuwa wakati wa kiangazi, na rweya ilikuwa imetoka kuchomwa, kama tunavyoichoma kila mwaka ili nyasi zichipue upya. Wakatuonyesha ukutani picha zilizopigwa na kidege chao kutoka juu. Kilima cheusi tii. Kichuguu, majivu, basi. Ukimpiga mtu picha akiwa anaoga utasema hana nguo.

Afisa wao alikuwa kijana mwenye adabu. Kila sentensi ilikuwa na neno shirikishi. Mpango shirikishi, upimaji shirikishi, nilitegemea hata chai itakuwa shirikishi lakini iliwafika wa mbele tu. Mwishowe akauliza, eneo hili kwa sasa lina matumizi gani, na je, lina mwenyewe?

Wazee wakatazamana, kisha wakanitazama mimi, kwa sababu ya kile cheti changu cha kidato cha nne kinachonifuata kama mkia. Nikasimama, goti likagonga dawati. Nikasema, kwa heshima ya Kihaya, "Waitu, ile ni rweya tu. Haina mwenyewe."

Nataka nieleweke vizuri hapa. Kwa taratibu zetu nilijibu sawasawa. Mwanamume akisema mbele za watu kwamba rweya ina mwenyewe, anataka kuila. Kusema haina mwenyewe ni heshima, ni kama kuapa kwamba hutaigusa. Na mambo ya njugu za wanawake hayasemwi na wanaume kwenye mkutano. Ungeonekana unaishi jikoni. Wazee wote waliitikia kwa kichwa. Yule kijana akaitikia pia, vidole vikikimbia kwenye mashine yake, na nikakaa nikijisikia kama wakili.

Hiyo ndiyo sababu ya heshima. Sababu nyingine ni kwamba jua lilikuwa limepanda na nilitaka kurudi kwenye kiti changu. Ningetaka kueleza habari za misiri ya wanawake, ningekaa pale mpaka saa nane. Nilikijibia kilima kizima kwa pumzi moja ili niwahi kukaa.

Nyumbani mke wangu akauliza walisema nini. Nikamwambia wataleta bustani, watapanda miti. Akauliza wapi. Nikasema hukohuko. Akaniangalia kidogo, akaendelea kumenya ndizi.

Mvua zikaja, wanawake wakapanda. Njugu zilikuwa zimeshaanza kufunga chini ya udongo siku aliporudi kutoka kilimani kabla ya wakati wake. Hakuliegemeza jembe ukutani kama kawaida. Alilishika. Akasema kuna bikoni, alama ya wapima ardhi, katikati ya musiri wake, zege limepakwa chokaa, na waliochimba shimo lake wamezirusha njugu pembeni kama takataka. Wengine wamekuta bikoni zao pia. Akaniuliza kama nilikuwa najua.

Nikasema sikujua. Nilikuwa nimekaa, kwa hiyo uongo ulitoka vizuri.

Kesho yake akaniambia tuongozane mpaka ofisi ya mtaa, kuna karatasi ubaoni anataka nimsomee. Mke wangu ana darasa la saba na anasoma Biblia kwa sauti kuliko mchungaji, lakini akataka nisome mimi. Ulikuwa muhtasari wa mkutano, una muhuri. Nikaanza kwa sauti ya taarifa ya habari: tarehe, mahali, ajenda. Nikafika kwenye sentensi iliyosema kwamba mwakilishi wa wakuu wa kaya alithibitisha kuwa eneo halina mmiliki na halina matumizi. Pembeni jina langu, na cheo ambacho sikuwahi kupewa. Sauti ikakata.

Yeye akaweka kidole kwenye karatasi, akaimalizia sentensi polepole, neno kwa neno, mbele ya watu wawili waliokuwa wanasubiri mtendaji. Alipofika kwenye jina langu alilisoma kama majina yanavyosomwa msibani. Kisha akageuka akarudi nyumbani, mimi nikimfuata hatua kumi nyuma, na njia nzima najiambia kwamba "halina matumizi" sikusema mimi. Ni kweli sikusema. Waliongeza wao. Nilisema nusu ya uongo, wakaniandikia iliyobaki.

Akaenda kwao Izigo. Alisema anaenda kumwona dada yake anayeumwa, na dada kweli alikuwa na mafua. Alikaa wiki tatu. Nilijifunza kupika ndizi, na ndizi nazo zikajifunza kuungua. Aliporudi alianza kwa kusugua masufuria niliyounguza.

Bustani ikajengwa. Nilishuhudia yote kutoka barazani, bila kiingilio. Wakazungushia waya. Wakakisawazisha kichuguu. Wakaweka mabenchi ya zege yanayotazama upande ambao jua linakuchoma usoni. Nyasi za rweya, ambazo zimekaa kwenye ule udongo mwekundu wenye changarawe tangu babu wa babu, wakazing'oa zote kwa trekta, wakaleta nyasi nyingine zimekunjwa kama mikeka, wakazitandaza. Wakasimika kibao: Usikanyage nyasi. Usikate nyasi. Bustani ya watu wote.

Kiangazi cha kwanza zile nyasi za mikeka zikawa rangi ya chai ya maziwa. Mwanamke yeyote wa kwetu angewaambia kwamba pale juu ukitaka kitu kiote lazima ukilishe majivu na ukipumzishe. Hawakuuliza. Wakaleta maji kwa gari, yakateremka kilimani hadi kwenye njia yetu na kutuachia tope. Nyasi zikafa taratibu, zikilindwa.

Huku chini nako mambo yakaharibika. Wanawake hawakuwa na mahali pa kukata nyasi za kutandaza. Kibanja changu kikakauka juu kama kipara. Migomba ikatoa mikungu myembamba yenye aibu. Hapo ndipo hasira yangu ilipopata miguu, na najua jinsi inavyosikika: kilimo cha mke wangu kilipokufa nilisikitika, migomba yangu ilipokonda nikakasirika. Nimelifikiria hilo mara nyingi. Sina utetezi.

Krismasi ikafika. Kwetu, nyumba ya Kilutheri au ya Kikatoliki, sikukuu bila nyasi sebuleni ni kama mwili bila mafuta. Mke wangu alifagia sakafu ya saruji, akaipiga deki, akasimama katikati na ufagio. Nikamuuliza tutatandika nini mwaka huu.

"Tandika muhtasari," akasema.

Wageni wakaja wakakaa juu ya saruji. Kila mtu alivua viatu akasimama kidogo kama anatafuta kitu kwa nyayo.

Mwaka mpya wakaitisha mkutano mwingine, wa mrejesho wanauita, maana nyasi zilikuwa zimekufa na waliotoa fedha walikuwa wanakuja kuangalia. Barua ileile, wakuu wa kaya. Mke wangu akaipokea, akaifuta vumbi. Safari hii hakunikabidhi. Akasema tutaenda wote, na wenzake wote, na mimi nitaanza kusema. Nikauliza niseme nini. Akasema, "Kile ulichosema siku ile. Halafu useme ulikuwa unawahi wapi."

Darasa lilelile, madawati yaleyale. Wanawake waliingia na majembe, wakayapanga nje ukutani, wakajaa mpaka madirishani. Nikasimama. Nimewahi kuaibika maishani, lakini aibu zangu nyingi nilizipatia nyumbani. Nikasema kwamba mimi ndiye niliyesema rweya haina mwenyewe, kwamba nilijua mama yangu alilima pale, mke wangu analima pale, na wake wa hao wazee wote waliokaa hapa wanalima pale, na kwamba sikusema kwa sababu nilitaka kurudi kukaa. Mzee mmoja akakohoa. Mwingine akaninong'oneza kwa Kihaya kwamba ninawavua nguo. Nikamwambia avae ya kwake, yangu imeshavuka.

Yule afisa kijana, kwa adabu ileile, akasema anashukuru kwa uwazi, ila muhtasari ulishathibitishwa na haubadilishwi.

Mke wangu akainuka. Hakumwendea afisa, alikwenda ubaoni. Akachukua chaki, akachora kilima, akachora kichuguu ambacho hakipo tena. Akaweka duara lake kando yake. Kisha akawageukia wenzake, nao wakaanza kutaja kutoka kwenye madawati na madirishani: wa kwangu uko chini ya mwamba, wa kwangu unafuata, pale alilima mama wa yule, mwaka juzi tulipumzisha upande huu, hapo katikati hapalimwi, ni pa nyasi za ndani, hapo ni pa nyasi za shamba. Walisahihishana, wakabishana, wakachekana. Mmoja aliambiwa amejiongezea hatua tatu, akakubali mbili. Ubao ukajaa. Mimi nimekitazama kile kilima miaka hamsini na ushee kutoka kwenye kiti changu, na kumbe sikuwahi kukiona.

Mke wangu akamrudishia afisa chaki. "Mlimuuliza asiyeshika jembe pale," akasema. "Mngepita na sisi asubuhi moja, tungewaonyesha. Tungewaachia na pa kuweka mabenchi."

Kijana alipiga picha ubao kwa simu. Niliona uso wake. Nadhani alielewa, na nadhani alisikitika. Wakaahidi. Na kweli, baada ya miezi michache ahadi ikaja: ukanda wa chini wa bustani utengwe kwa ajili ya kilimo cha akina mama, vipande vipimwe, kila kipande kipewe fomu. Watu walipiga vigelegele. Mtendaji akazileta fomu nyumba kwa nyumba.

Ya kwetu niliipokea barazani. Namba ya kipande, ukubwa, masharti. Halafu mstari: Jina la mkuu wa kaya. Na jina langu lilikuwa limeshachapwa. Chini yake, saini ya mkuu wa kaya. Nikaigeuza nyuma nikitafuta mahali pa kuandika jina lake yeye. Hapakuwa na mahali. Nikaenda mpaka kwa mtendaji, mimi huyu, kwa miguu, nikamwambia kuna makosa. Akanitazama kama mtu anayelalamika kwamba amepewa nyama nyingi. Akasema si ndiyo hivyo mzee, si ni mkeo, nyie ni kaya moja, mfumo unatambua mkuu wa kaya, shida iko wapi.

Shida iko wapi. Ardhi moja tu aliyokuwa nayo, aliyopewa na mwanamke aliyepewa na mwanamke, walimnyang'anya kwa mdomo wangu, na sasa wanamrudishia kwa jina langu, na wanataka tushukuru. Nikifa, ndugu zangu watakaa kikao juu ya njugu pia. Wakati rweya haikuwa na karatasi, hakuna ndugu yangu ambaye angethubutu kuweka mguu kwenye musiri wake. Hayo nilimweleza mtendaji, tena kwa sauti ambayo sikujua ninayo. Akaniambia nikasaini nirudishe.

Nilimwonyesha mke wangu. Aliisoma yote, hata namba ya chapa chini kabisa. Nikasema siisaini. Akasema usipoisaini watampa mtu mwingine kipande. Nikauliza basi nifanye nini. Alichukua jembe na kile kikapu cha mbegu za njugu, akaondoka.

Hakuenda kwenye ukanda wa chini. Alipita getini, mlinzi akamwambia mama, hairuhusiwi, naye akamuuliza hali ya mkewe, ambaye duara lake lilikuwa la nne ubaoni kutoka kushoto. Mlinzi akakumbuka kwamba ana kazi upande wa pili. Mke wangu akapanda mpaka palipokuwa na kichuguu, ambapo zile nyasi za mikeka zimekufa kabisa, akaanza kupindua. Akakusanya, akachoma, akapanda, akaizunguka bikoni kama mtu anavyomzunguka mgeni asiyeondoka.

Fomu iko chini ya mto wa kiti changu, haijasainiwa, na kiti chenyewe siku hizi ni cha kuku. Maana kila asubuhi naenda kilimani. Silimi, angenifukuza, anasema mkono wangu wa jembe ni wa mtu anayekoroga uji. Nakaa kwenye benchi la zege, jua linanichoma usoni, namwangalia akipalilia, na nasubiri. Watakuja. Watakuja na mashine yao na adabu yao, wataona kijani kimeota mahali pasipotakiwa, watatafuta mwanamume wa kumuuliza pana mwenyewe au hapana.

Jana nilisinzia kidogo. Kokoto ikanipiga goti.

"Mheshimiwa," akasema bila kuinua mgongo, "kama ni kulala, rudi barazani. Hapa tunataka mtu wa kujibu."

Nikamwambia niko macho.

"Haya, jibu."

"Ni pako," nikasema.

"Kwa sauti," akasema. "Wao wanakaa mbali."